Mji wa Mpakani: Kilwa Kivinje na Pwani ya Lindi

Ndugu wasomaji, katika kitabu hiki cha Jubilei mtasoma habari nyingi za makanisa yetu, na za mapadre waliotutangulia, na za shule zilizojengwa kwa udongo kabla ya kujengwa kwa mawe. Nyingi katika habari hizo ni za bara, kwa kuwa kazi yetu ilishika mizizi bara. Lakini wale wa kwanza waliokuja Masasi walipanda kutoka pwani, nao walikuwa wamekwisha kuteremka pwani mara moja kabla ya hapo, wala si kwa hiari yao. Basi nimeona yafaa tuzikumbuke habari za pwani.

Walimu wanapofundisha mipaka huwaonyesha watoto mto Ruvuma katika ramani, wakisema, Huku ni kwetu, na ng'ambo ni Msumbiji. Maneno haya ni kweli, ila mpaka ule si wa kale sana. Wadachi, yaani Wajerumani, walipatana na Wareno juu yake mwishoni mwa mwaka 1886. Kabla yake palikuwa na mpaka mwingine katika pwani hii, usiofuata mto wala mlima, ulioandikwa katika karatasi za mikataba tu. Mji uliokaa juu ya mpaka huo ni Kilwa Kivinje. Nataka kueleza jinsi mji ule ulivyoishi kwa mpaka wake na kutajirika kwa huo, na ni watu gani walioulipia utajiri ule.

Kwanza tusichanganye Kilwa na Kilwa, maana ziko tatu. Kilwa Kisiwani ndiyo ile ya kale, yenye msikiti mkuu wa mawe na jumba la Husuni Kubwa. Ibn Battuta aliifikia mwaka 1331. Wareno waliiteka mwaka 1505, wakajenga ngome, wakaiacha mwaka 1512. Kilwa Masoko iko bara, nayo siku hizi ndiyo makao ya wilaya. Kilwa Kivinje pia iko bara, kaskazini ya hizo mbili, mwendo wa siku moja kwa mtu aendaye kwa miguu. Husemwa kwamba jina lake latokana na miti ya mivinje.

Mtu akitazama bahari ya Kivinje atashangaa kwamba watu walichagua mahali pale kuwa bandari. Maji yake ni haba. Yakipwa, jahazi hulala juu ya tope, na mizigo huchukuliwa mabegani hata nchi kavu. Kisiwani kuna maji ya kina na bandari iliyokingwa na upepo. Lakini Kivinje ilikuwa na kitu kimoja ambacho kisiwa hakiwezi kuwa nacho. Msafara uliotoka Ziwa Nyasa uliweza kuingia mjini moja kwa moja, ukatua mizigo yake, pasipo kumwomba mtu mashua. Kwa hiyo kadiri biashara ya bara ilivyozidi, watu walihama kisiwani, na mji mkubwa ukawa Kivinje. Katika miaka ya 1840 sultani wa mwisho wa Kisiwani alichukuliwa akapelekwa Maskati, na ufalme ule wa kale ukakoma.

Biashara ya watu ilikuwa imekwisha kufundishwa Kilwa zamani hizo. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, jina lake Morice, alifanya mkataba na sultani wa Kisiwani apewe watumwa 1,000 kila mwaka, awapeleke katika visiwa vya Wafaransa, ambavyo leo twaviita Morisi na Réunion, wakafanye kazi ya mashamba. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu wako watu wapendao kusema kwamba biashara ile ilikuwa ya Waarabu peke yao. Aliyenunua katika mkataba ule alikuwa Mkristo aliyebatizwa.

Sasa tuje kwenye mpaka wenyewe. Seyyid Said wa Omani alipohamishia makao yake Unguja, aliwakaribisha wafanyao biashara kutoka nchi za mbali. Alipatana na Wamarekani mwaka 1833, na Waingereza mwaka 1839, na Wafaransa mwaka 1844. Lakini Seyyid alikuwa mfanyi biashara hodari kuliko wote, akajiwekea akiba. Katika mkataba wa Waingereza wa 1839 iliandikwa kwamba, tangu bandari ya Tangata kaskazini hata bandari ya Kilwa kusini, na bandari hizo mbili zikiwamo, mgeni haruhusiwi kununua pembe za ndovu wala sandarusi. Bidhaa hizo mbili zilikuwa za Seyyid na raia zake. Mzungu aliyezitaka sharti azingoje Unguja, akazinunue huko kwa bei ya Unguja.

Pwani hiyo iliyofungwa ndiyo iliyoitwa Mrima, na Kilwa ilikuwa nguzo yake ya mwisho. Upande wa kusini, yaani Lindi, Sudi na Mikindani, sharti lile halikuandikwa. Basi jahazi iliyosafiri kutoka Lindi kwenda Kilwa ilitoka katika pwani ya sheria moja ikaingia katika pwani ya sheria nyingine, ingawa nahodha hakuona alama yoyote baharini.

Mpaka wa pili uliwekwa mwaka 1845, nao ni mzito zaidi. Waingereza walikuwa wamemsihi Seyyid tangu mwaka 1822 apunguze kusafirisha watumwa. Sasa balozi wao Hamerton akapatana naye kwamba, kuanzia tarehe 1 Januari 1847, mtumwa asisafirishwe tena kwenda Arabuni wala nchi nyingine za nje. Lakini ndani ya milki ya Seyyid katika Afrika ruhusa ilibaki. Na mipaka ya ruhusa hiyo ikatajwa: kaskazini ni Lamu na visiwa vyake, kusini ni Kilwa na vyake, hata ncha ya Songo Mnara. Jahazi yenye watumwa iliyokutwa kati ya mipaka hiyo haikuwa na kosa. Iliyokutwa nje yake ilikuwa haramu, na manowari ya Kiingereza iliweza kuikamata.

Tafakarini, ndugu zangu, mapatano hayo yaliufanya nini mji wa Kivinje. Watumwa wa nchi za Wayao, na Wanyasa, na Wangindo, na Wamakua waliteremshwa kwa njia nyingi. Bandari zilizokuwa karibu nao zaidi zilikuwa za kusini, Lindi na Mikindani. Lakini bandari hizo zilikuwa nje ya mstari. Basi mwenye bidhaa ya watu aliona ni afadhali kuwatembeza siku kadha wa kadha zaidi hata Kilwa, kwa kuwa hapo kosa lake liligeuka haki, akalipa ushuru na kupakia mchana, watu wakimwona. Wale walioandika mkataba walikusudia kuibana biashara ile, nami siwashitaki kwa nia yao. Lakini kuibana kwenyewe kulikuwa kuielekeza katika mlango mmoja.

Naam, mji ulinawiri. Mvua zilipokwisha, misafara ya Wayao ilianza kushuka. Iliingia na pembe za ndovu na za faru, na nta, na tumbaku, na watu. Wenye maduka waliwatuma watu wao njiani kuilaki misafara, kila mmoja akijitahidi kuivuta kwake, maana kiongozi wa msafara akikaa nyumbani mwa mtu ilikuwa vigumu kwake kuuza kwa mwingine. Ndipo yakafuata majadiliano ya siku nyingi. Pembe zilipimwa kwa frasila. Malipo yalikuwa kwa nguo, jora na doti. Kwa kaniki iliyotiwa nili, na kwa ile nguo nyeupe ngumu iliyoitwa merikani. Tena kwa shanga, masango, chumvi, baruti na bunduki za gumegume. Reale za fedha zilikuwako, bali zilipenda kukaa pwani. Bara ilipenda nguo.

Na hiyo merikani, neno lake si la kupitwa hivi hivi. Ilifumwa katika viwanda vya Marekani ya kaskazini, kwa pamba iliyolimwa Marekani ya kusini. Na pamba ile, hata vita vya Wamarekani vilipokwisha mwaka 1865, ililimwa na kuchumwa na watumwa weusi. Basi mtoto wa Kiyao aliuzwa kwa nguo iliyotoka katika mikono ya mtumwa mwenziwe, wala hawakujuana. Pembe nazo zilikwenda Ulaya na Marekani kufanywa vitufe vya kuchezea na vidole vya piano, na sandarusi ikapikwa kuwa rangi ya kung'arisha magari ya farasi. Mabibi waliopiga piano zile katika nyumba za wacha Mungu hawakuisikia Kilwa hata kwa jina.

Forodha haikushikwa na Seyyid mwenyewe. Aliikodisha kwa nyumba ya Baniani mkubwa wa Unguja, Jairam Shivji, aliyemlipa kiasi kilichopatanwa kila mwaka, kisha yeye akakusanya ushuru katika bandari zote kwa watu wake. Hivyo mtu aliyekaa mlangoni pa Kivinje akihesabu alikuwa Mhindi, akihesabu kwa ajili ya Mhindi mwenziwe, kwa idhini ya Mwarabu, juu ya watu walioletwa na Myao. Kila mtumwa aliyepakiwa alitozwa ushuru kwa kichwa. Kwa sababu hiyo hesabu yao ilijulikana, nayo ikafika mikononi mwa Waingereza. Nitaieleza kama ilivyo, maana walimu yawapasa kuijua.

Mwaka wa forodha wa 1862 hata 1863 walipitishwa watumwa 18,500. Mwaka uliofuata 17,500. Kisha 16,821. Mwaka wa 1865 hata 1866 walikuwa 22,344, na mwaka wa baadaye 22,038. Jumla ya miaka mitano ni watu 97,203. Katika hao 76,703 walipelekwa Unguja, na 20,500 mahali pengine. Hao ni wale waliolipiwa ushuru tu. Waliopakiwa usiku katika hori za mikoko hawamo. Na waliokufa njiani kabla ya kuuona mji hawamo.

Hao waliokufa njiani walikuwa wangapi hapana ajuaye, ila twayo mashahidi. Daktari Livingstone alipanda bara kutoka Mikindani mwaka 1866, naye katika njia za huko aliwaona wafu waliofungwa mitini, walioachwa na misafara kwa sababu hawakuweza kuendelea, na kongwa zilizotupwa kando ya njia.

Neno jingine la kustaajabisha katika hesabu ile ni hao 20,500. Mkataba ulisema mwisho ni Lamu. Nahodha alichukua cheti cha kwenda Lamu, akasafiri kwa haki hata huko, kisha upepo wa kusi ukimsukuma vizuri akaendelea kaskazini hata Arabuni. Nani wa kumwuliza? Mwaka 1864 Seyyid Majid alikataza kusafirisha watumwa tangu Januari hata mwisho wa Aprili, wakati jahazi za Arabuni ziwapo pwani. Basi biashara ikangoja Mei. Katika miaka miwili iliyoanza 1865, hesabu ya Kilwa ilipita ile ya miaka ya kabla ya katazo, kama mlivyokwisha kuona hapo juu.

Msifikiri lakini kwamba mji ulijaa makelele ya soko siku zote. Kulikuwa na misikiti na vyuo vya Korani, na maseremala wa jahazi, na wavuvi, na wanawake waliosuka mikeka. Kulikuwa na mashamba ya mtama na mpunga nyuma ya mji, yaliyolimwa na watumwa waliobakizwa, na nafaka yake ilisafirishwa pia. Wazungu waliofika walikuwa wachache. Burton na Speke walifika mapema mwaka 1859, wakaukuta mji umepigwa na kipindupindu, maiti zikiwa nyingi kuliko wazikaji. Mwaka ule ule Roscher, kijana wa Kijerumani, aliandamana na msafara kutoka Kilwa akafika Ziwa Nyasa, na mwaka 1860 akauawa huko. Mwenziwe von der Decken alitaka kumfuata, akaondoka Kilwa, akalazimika kurudi. Mji wa mpakani haupendi mgeni aende kuona mwenyewe bidhaa zatoka wapi.

Katika hao waliopita Kilwa, yuko mmoja ambaye jina lake limebaki katika vitabu. Alikuwa Myao. Nchi yao ilivamiwa alipokuwa mtoto, akakamatwa, akashushwa Kilwa, akauzwa kwa nguo, akapelekwa Unguja na kutoka huko Uhindi. Bwana wake alipokufa alipata uhuru, akarudi Unguja. Huyo ndiye Sidi Mubarak Bombay, aliyeongoza misafara ya Burton na Speke, na ya Stanley, na ya Cameron, akalivuka bara hili tangu bahari ya mashariki hata ya magharibi. Jina alilopewa na mama yake halijulikani. Mubarak ni jina la utumwani, na Bombay ni mji wa Uhindi.

Sasa nifike mwaka 1873. Tarehe 5 Juni Seyyid Barghash, baada ya kusongwa sana na Waingereza na balozi wao Kirk, alitia sahihi mkataba wa kukataza kusafirisha watumwa baharini popote, na soko la Unguja likafungwa. Misheni yetu ilipata mahali pale pa soko, na siku ya Noeli ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Habari hiyo twaifurahia katika kila Jubilei, na haki yetu kuifurahia. Lakini Kilwa kulitokea nini?

Mstari uliokuwa baharini ulifutwa. Bahari yote ikawa haramu. Basi watu wa Kivinje wakaiacha bahari. Mwaka uliotangulia tufani kubwa ilikuwa imeangusha mikarafuu ya Unguja, bali ya Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na wenye mashamba ya Pemba walitaka watu kwa bei yoyote. Misafara ilitoka Kivinje kwa miguu, ikafuata pwani kwenda kaskazini, ikauvuka Rufiji, ikapita nyuma ya Dar es Salaam na Bagamoyo hata Pangani, na kutoka pale watu wakavushwa usiku kwenda Pemba, kwa kuwa mlango wa bahari pale si mpana. Mwingereza Elton alitumwa kuipita njia hiyo. Kati ya tarehe 21 Desemba 1873 na 20 Januari 1874 alihesabu watumwa 4,096 wakipitishwa kwenda kaskazini. Hayo ni ya mwezi mmoja, tena miezi saba baada ya sahihi ya Seyyid. Zamani mtumwa alikaa baharini siku chache. Sasa alitembea majuma, na kongwa shingoni.

Wako wasomi walioandika kwamba hilo laonyesha sheria haikufaa kitu. Mimi sikubali. Sheria ilifaa, lakini ilikuwa imefunga dirisha ikaacha mlango wazi. Kirk alijua hivyo, akarudi kwa Seyyid. Mwezi wa Aprili 1876 Barghash alitangaza makatazo mawili mengine: watumwa wasisafirishwe kwa njia ya nchi kavu, na misafara ya watumwa isiingie pwani kutoka bara. Watu wakubwa wa Kilwa walichukizwa sana, maana safari hii iliguswa njia yenyewe. Hata hivyo hawakuacha wote mara moja. Wengine waligeukia kusini tena, katika hori za pwani ya Lindi, kwa siri.

Lililosaidia sheria ni kwamba pwani ilipata kitu kingine cha kuuza. Katika miaka ile ile wafanyi biashara walianza kutaka mpira wa msituni, utokao katika mitambaazi inayoota kwa wingi katika nchi ya Wamakonde na nyuma ya Kilwa. Mtu aliyekuwa akitembea siku ishirini kumpeleka jirani yake utumwani aliona aweza kupata nguo ile ile kwa kugema utomvu. Kwa mwalimu wa dini jambo hili si tamu, maana angependa kuhubiri kwamba watu waliacha uovu kwa kutubu. Wengine walitubu. Wengi walihesabu faida.

Na sasa yatupasa kutazama njia ya Lindi. Askofu Steere, yule ambaye kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka 1870 kiliwafundisha Wazungu lugha yetu, alipanda kutoka Lindi mwaka 1875, akafika Mwembe kwa Mataka, jumbe mkuu wa Wayao, ambaye misafara yake ilijulikana sana pwani. Mwaka 1876 alipanda mara ya pili, naye aliwachukua watu zaidi ya hamsini, wanaume na wanawake, waliokuwa wameokolewa katika jahazi za watumwa na kulelewa na misheni Unguja. Alikusudia kuwafikisha karibu na Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, penye vilima vya mawe na maji mazuri, wengi wao waliiona nchi kuwa kama ya kwao, wakaomba kukaa. Steere akawakubalia, akamwacha Padre Johnson pamoja nao. Na mwaka uliofuata akaja Padre Maples.

Basi mwaka ule ule njia ilipokatazwa misafara ya watumwa, watu waliokuwa watumwa waliipanda wakiwa huru. Wala haikuwa njia nyingine. Vituo vya maji ni vile vile, na majumbe walioombwa ruhusa ni wale wale waliokuwa wakipokea ushuru wa misafara. Kati yao Matola wa Newala alikuwa rafiki wa misheni tangu mwanzo, na Machemba alikuwa mtu wa kuogopwa. Tusiandike kwamba raha ilifuata. Mwezi wa Septemba 1882 Magwangwara, ambao ni Wangoni, waliivamia Masasi, wakaua, wakachoma, wakachukua mateka. Watu waliokombolewa mara moja walifungwa mara ya pili. Kazi ikahamishiwa Newala kwa muda.

Hapo ndipo liliposhikwa fundo ambalo mpaka leo si wote katika usharika wapendao lifunguliwe. Katika makanisa yetu ya kwanza walikaa pamoja watu wa namna tatu. Walikuwako waliouzwa wakakombolewa. Walikuwako watoto wa majumbe waliouza. Na walikuwako watu wa nchi waliojificha milimani kila msafara ulipopita. Wote walibatizwa kwa maji yale yale. Lakini hata siku hizi, posa ikiletwa, husikika mzee akiuliza kwa sauti ndogo, Hao ni watu wa wapi? Sisi tuandikao ndoa twalijua swali hilo lina maana gani. Mwenye kuliuliza hudhani kwamba aibu ni ya aliyeuzwa. Katika hesabu ile ya watu 97,203 sioni palipoandikwa kosa walilofanya.

Padre Yohanna Abdallah wa Unangu, aliyekuwa Myao, aliandika habari za Wayao katika kitabu kilichotolewa mwaka 1919. Hakuficha jinsi wazee wake walivyofunga safari za pwani, wala jinsi walivyoringia nguo na baruti walizorudi nazo. Nadhani alifanya vema kuliko sisi tunyamazao. James Mbotela naye, mwana wa mtu aliyekombolewa, aliandika kitabu chake cha Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, na shule nyingi zikakisoma. Walimu wakiwa na vitabu viwili kama hivyo, kimoja cha upande wa wenye misafara na kimoja cha upande wa waliofungwa, waweza kufundisha habari hizi pasipo kumtweza mtoto yeyote aliye darasani.

Mengine ya Kivinje nitayapitia upesi. Mwaka 1886 Wazungu waligawanya bara, wakamwachia Seyyid ukanda wa maili kumi wa pwani, na Kilwa ikawa mpakani tena, safari hii kati ya pwani ya Sultani na bara ya Wadachi. Mwaka 1888 kampuni ya Kidachi ilipokuja kushika forodha za pwani, watu waliondoka kwa vita. Kivinje waliuawa maofisa wawili wa kampuni, na Wayao wa bara walishuka kupigana pamoja na watu wa mji. Wengine katika hao walipigania nchi yao, wengine walipigania biashara yao, na wengi hawakutenga moja na jingine. Mwezi wa Mei 1890 jeshi la Wissmann liliitwaa Kilwa, kisha Lindi na Mikindani. Hassan bin Omari Makunganya aliendelea kupigana nyuma ya Kilwa hata mwaka 1895, alipokamatwa akanyongwa Kivinje. Machemba naye mwaka 1899 aliuvuka Ruvuma akaingia nchi ya Wareno, maana sasa mto ule ulikuwa mpaka wenye nguvu. Utumwa wenyewe, yaani mtu kumwita mtu mali yake, haukuondolewa kwa sheria katika Tanganyika hata mwaka 1922, wakati wa Waingereza.

Forodha ile haikuwa na sababu ya kuandika majina ya waliopita. Iliwahesabu kwa ajili ya ushuru, basi. Yale machache tuliyo nayo yalihifadhiwa kwa njia nyingine, na moja tunalo katika historia ya misheni yetu. Cecil Majaliwa alikuwa Myao, aliyeuzwa Unguja akiwa mtoto mdogo, akakombolewa na kulelewa na misheni. Mwaka 1886 alipelekwa Chitangali, katika nchi ya Wayao, kwa jumbe Nakaam, akafundisha kwa lugha ya kwao. Na Nakaam akabatizwa, akaitwa Barnaba. Mwaka 1890, mwaka ule ule Wadachi walipoitwaa Kilwa na Lindi, Majaliwa alipewa upadre Unguja, Mwafrika wa kwanza wa misheni yetu kuupata, kisha akarudi Chitangali.